Vitu vya kale vya Lubumbashi: kuvipenda, au kungojea bei yake

Kijana mmoja wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliyeanza hivi karibuni kupokea mshahara wa kampuni ya migodi, amenijia na swali ambalo nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi. "Yaya," alisema, kama tunavyomwita hapa ndugu mkubwa, "nikinunua vitu vya kale sasa hivi, misalaba ya shaba, noti za Katanga, picha za zamani, si baada ya miaka ishirini nitaviuza nipate parseli?" Parseli ni kiwanja cha kujengea nyumba. Alikuwa na haraka ya kusikia ndiyo au hapana. Mimi ninakusanya vitu hivyo kwa muda mrefu na ninavipenda kweli, lakini jibu la neno moja lingempotosha, kwa sababu ndani ya swali lake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kitu kuwa na thamani, na kitu kuweza kuuzwa.

Niseme kwanza ninaloliamini, kisha nieleze kwa nini. Karibu vitu vyote vya mji huu ambavyo bei yake imepanda sana havikununuliwa na mtu aliyengojea bei ipande. Vilinunuliwa ili vitazamwe, vichezwe, vitumiwe. Na vile vilivyotengenezwa makusudi ili watu waviweke ndivyo ambavyo mpaka leo vinapatikana kwa bei ndogo.

Picha zinalithibitisha jambo hili kuliko kitu kingine chochote. Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, za walimu na za makarani zilikuwa na picha moja au mbili sebuleni, zilizochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga kilichokazwa kwenye fremu ya mbao. Wachoraji walizibeba wenyewe na kuziuza mtaa kwa mtaa, Kenya (mtaa wa mji huu, si nchi), Katuba, Kamalondo, na mada zake zilijulikana na kila mtu. Kulikuwa na mamba muntu, mwanamke wa majini mwenye kiwiliwili cha mtu na mkia wa samaki. Kulikuwa na koloni la Wabelgiji: ua la gereza, bendera juu ya mlingoti, mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko, na wanawake wamesimama kando na chakula walichowaletea waume zao. Kulikuwa na yule mtu aliyekwama juu ya mti, nyoka matawini, simba nchi kavu na mamba majini, asijue akimbilie wapi. Na kulikuwa na Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye aliuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961, na ambaye watu wa hapa walikuwa na mengi ya kusema juu yake wakiwa wamefunga mlango. Mnunuzi alitaka mgeni akikaa kwenye kiti mazungumzo yaanzie ukutani, na watoto wakiuliza "huyu ni nani, baba?" wapewe jibu. Hakuna aliyemuuliza mchoraji kama picha itapanda bei.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 hapa hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Mnamo 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, tangu zamani za wafalme mpaka siku zake, katika picha takribani mia moja, kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu, na akamweleza picha moja moja kwa Kiswahili cha mji huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zinakatika, na mpaka leo hajaonekana tena. Picha zile ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho, na kazi yake nyingine inapotokea mnadani Ulaya hulipiwa fedha ambazo mteja wake wa kwanza wa Katuba hakuziota. Sasa fikiria kilichozipata picha nyingine zote za wakati ule. Mshahara ulipopoteza nguvu, wanunuzi wa mitaani walitoweka. Watu wakahama, fremu zikawa kuni, vitambaa vikazibia madirisha au vikaliwa na panya. Zilizosalia zilisalia katika nyumba za watu ambao hawakukubali kuziondoa ukutani, hata pale zilipokuwa hazina bei kabisa. Kwa maneno mengine, ile bei inayowashangaza watu leo ilihifadhiwa na mapenzi ya watu ambao hawakujua kama itakuwapo.

Picha za Hangar, karakana ya uchoraji ya mji huu, zina historia tofauti, na inafaa mkusanyaji asizichanganye na hizi. Karakana ile ilifunguliwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, na ndimo walimotoka Pilipili Mulongoy na ndege zake na samaki zake, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga ambaye alijaza kitambaa chote kwa mistari mifupi iliyopangana. Tangu mwanzo wanunuzi wao wakuu walikuwa Wazungu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hizo iliondoka pamoja nao, na mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris ilipoandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, majina haya matatu yalikuwemo. Mtu akikuletea picha ya Pilipili mlangoni kwa bei ya suruali, usikimbilie kufikiri kwamba bahati imebisha hodi. Mkono wa Mwenze unajifunza kuujua kwa kutazama picha zake kwa furaha, muda mrefu, mara nyingi, bila kufikiri fedha. Anayesoma jina pembeni na kuanza kupiga hesabu ndiye anayeuziwa nakala. Hii ni faida moja ya mapenzi ambayo wanaojiita watu wa biashara huisahau: mapenzi hufundisha jicho.

Kuhusu stempu nitasema machache. Katanga, jimbo letu, ilipojitenga na Kongo na kujitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960, ilichukua kwanza stempu za Kongo ya Wabelgiji na kuzigonga jina lake juu, kisha mwaka 1961 ikatoa zake yenyewe, zenye sanaa ya kuchonga ya jimbo na nyingine zenye sura ya Moïse Tshombe, rais wake. Wakusanyaji wa dunia nzima walizinunua papo hapo wakaziweka katika albamu, safi, bila kugusa gundi yake. Ndiyo sababu nyingi bado zipo, na kwa kuwa zipo, mfululizo mzima unaweza kuupata kwa fedha ya chakula cha mchana. Ni nzuri na mimi ninazo, lakini sikuzinunua zinitajirishe. Hali ni hiyo hiyo kwa sarafu nyingi za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zenye jina la nchi yetu, wanyama, meli na magari, ambazo zilipigwa nje na kuuzwa nje kwa wakusanyaji, na ambazo muuza mboga wa soko la Kenya hajawahi kurudishiwa hata moja kama chenji.

Linganisha na sarafu za Katanga za mwaka 1961. Zile za shaba nyeusi, za faranga 1 na faranga 5, zina mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, na zilipita mikononi mwa watu sokoni. Ukiipata ambayo haikuchakaa, una kitu. Ile ya dhahabu ya faranga 5 ina uzito wa gramu 13.33, na dhahabu yake ni sehemu 900 kwa 1000, yaani gramu 12 za dhahabu halisi, hivyo bei yake inapanda na kushuka pamoja na dhahabu. Mtu anayetaka kuweka akiba anaweza kuielewa sarafu hiyo. Mimi binafsi ile ya shaba yenye mikwaruzo inanipendeza zaidi, kwa sababu ninajua kwamba ilinunua mkate katika mji huu. Noti za Katanga nazo zilitolewa zitumike, na baada ya kujitenga kuisha Januari 1963 ziliondolewa. Kwa hiyo noti kubwa iliyobaki bila mkunjo ni adimu kweli, na hapo ndipo walaghai wanapopenda kufanyia kazi.

Noti za zaire, fedha ya zamani ya nchi yetu, zinanigusa kwa namna nyingine. Ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1,000 na ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1992 ikatolewa noti ya zaire 5,000,000, ambayo wafanyabiashara wengi waliikataa. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya siku ile ilikuwa zaire za kwanza bilioni 300. Familia nyingi za Lubumbashi bado zina bahasha au sanduku la noti hizo, na mara nyingi ninaulizwa kama sasa ni mali. Ninasikitika kujibu kwamba zilichapishwa kwa wingi mno, na isipokuwa chache za miaka ya kwanza zikiwa safi kabisa, mnunuzi hatatoa fedha ya maana. Hata hivyo ninamsihi kila anayeniuliza asizichome. Mzee aliyeweka noti zile alikuwa anaweka ada ya shule ya mtoto au bati za nyumba. Mjukuu anayezishika na kuambiwa haya anajifunza juu ya akiba jambo ambalo hakuna darasa litamfundisha vizuri zaidi, na hilo linatosha kuzihifadhi.

Sasa misalaba ya shaba, ambayo ndiyo kijana wangu alianza nayo, na ambayo ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Watu wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu zilizochimbwa ardhini karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kuundwa mwaka 1906. Katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wachimbuaji wa mwaka 1957 na waliowafuata walikuta misalaba midogo imezikwa na wafu, na ilionekana kwamba kadiri karne zilivyosonga misalaba hiyo ilikuwa midogo zaidi na yenye ukubwa unaofanana, dalili kwamba ilikuwa imekuwa fedha. Ile mikubwa ya karne ya 19, ambayo urefu wake ni kama sentimita 20, ndiyo iliyoingia katika bendera ya Katanga, na ndiyo inayoigwa kila siku katika karakana zetu. Shaba iliyomo ndani ya msalaba mkubwa haifiki bei ya dola ishirini. Kinachozidi hapo ni umri na historia, na umri hausomeki kwa jicho tu, kwa kuwa shaba mpya ikizikwa kwenye udongo wenye unyevu na chumvi hugeuka kijani kwa muda mfupi. Muuzaji akikuambia "baba, huu ni wa mababu", muulize ulitoka kijiji gani, ulikuwa nyumbani kwa nani, nani aliuona kabla yake. Asipokuwa na jibu, unanunua kazi ya mikono ya leo. Nayo ni halali kununuliwa, kwa bei yake ya leo.

Ile midogo ya makaburini sikushauri uiguse kabisa. Tangu sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni, vitu vya kuchimbuliwa si bidhaa ya kawaida, na kuvitoa nchini bila idhini ni kosa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, msalaba uliong'olewa kaburini bila kuandikwa ulikaa kifuani, mkononi au kiunoni mwa marehemu, pamoja na vyungu gani, umepoteza karibu kila kitu ulichoweza kutuambia. Hilo linaniuma. Kila mnunuzi anayelipa anamtuma mchimbaji mwingine. Anayetaka kuiona aende kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi akae nayo kwa utulivu.

Muziki ndio unaonifurahisha kuliko vyote, na ndio unaoleta mgongano wa kweli kati ya kufurahia na kutunza bei. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alipita Katanga mwaka 1952 na kumrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana wa Bunkeya, akipiga gitaa kwa vidole viwili kwa namna ambayo wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejaribu kuiiga tangu hapo. Baada yake tukawasikia Losta Abelo na Edouard Masengo. Santuri zao za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa gamu nzito inayovunjika kama sahani, na zikachezwa katika baa na nyumba za mitaani kwa sindano za chuma mpaka mifereji ikawa myeupe. Kwa hiyo iliyobaki safi ni adimu. Anayengojea bei atakuambia usiicheze kamwe. Mimi ninazicheza. Santuri isiyochezwa ni duara jeusi lenye karatasi katikati, na gitaa la mtu yule lilirekodiwa lisikike. Lakini ninazicheza kwa adabu: kwa mkono mwepesi, kwa sindano pana iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko 78, kwa kuwa sindano ya santuri za baadaye ni nyembamba mno na hukwaruza chini ya mfereji, na ninanakili sauti mara moja kwenye kompyuta ili siku za kawaida nisikilize nakala. Adabu hiyo hiyo ninaitumia kwa redio za zamani za taa, zile zenye valvu za kioo ndani. Redio iliyokaa miaka bila umeme usiichomeke ukutani moja kwa moja, hasa kwa umeme wetu unaopanda na kushuka. Vikondensa vyake vya karatasi, yaani vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji, vimenyonya unyevu na vinavujisha umeme, na fundi mwenye subira atavibadilisha kwanza.

Utunzaji ni mahali ambapo mpenzi na mfanyabiashara wanapaswa kukubaliana, ingawa mara nyingi wote wawili huharibu. Kiangazi cha hapa kinaleta vumbi jekundu linaloingia hata kabatini, na mvua za kuanzia Novemba zinaleta ukungu unaokula karatasi na majalada ya santuri. Santuri zisimame wima, mbali na dirisha. Noti na stempu zisiwekwe katika plastiki laini inayonuka, kwa maana hutoa mvuke unaofanya karatasi igande na kubadilika rangi. Picha ya kitambaa isikunjwe wala isioshwe kwa sabuni. Nimeona picha ya koloni la Wabelgiji ambayo bendera yake ilipauka kwa sababu mama mwenye nyumba aliiosha akitaka kumheshimu mgeni. Na shaba isisuguliwe kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae. Ule weusi na ukijani uliojengeka polepole ndio unaothibitisha umri, na ukishaondoka haurudi. Zaidi ya yote hayo, andika. Chukua daftari, uandike kitu ulikipata kwa nani, lini, mtaa gani, yeye alikipata wapi, na alisema nini juu yake. Taa ya mgodini isiyo na maelezo ni bati lenye kutu; taa ambayo imeandikwa kwamba ilibebwa na mtu fulani aliyeshuka nayo Kipushi miaka kadhaa ina mnunuzi, ina makumbusho inayoitaka, na ina mjukuu anayeililia.

Tukija kwenye parseli, nilimwambia wazi kwamba parseli inanunuliwa kwa akiba ya fedha. Kitu cha kale hakilipi kodi ya nyumba na hakizai mwezi hata mwezi. Hapa Lubumbashi wanunuzi wake ni wachache: wageni wa kampuni, wafanyabiashara wanaosafirisha, na sisi wenyewe tunaojuana. Wakati unapobanwa na ugonjwa au msiba, mnunuzi anajua umebanwa, naye anataja nusu ya kile ulichotoa. Bei kubwa unazozisikia ni za Brussels na Paris, baada ya wakala, usafiri na karatasi. Kwa hiyo ninashauri mtu anunue kwa fedha ambayo ikipotea watoto watakula vilevile, na anunue kile ambacho angefurahi kukiona kila asubuhi hata kama hakuna atakayekiulizia. Kisha ajifunze bei kwa bidii, kwa maana kutojua bei si usafi wa moyo. Familia nyingi za mji huu ziliuza picha za baba zao kwa fedha ya mfuko wa unga kwa sababu hawakujua, na aliyenunua alijua vizuri sana. Kujua bei ndiko kutakakoziwezesha nyumba zetu kukataa.

Kwa upande wangu nimekwisha kuwaambia watoto mpango. Stempu, noti za zaire na sarafu wagawane wapendavyo, na wakitaka kuziuza waziuze. Sarafu ya dhahabu ni ya shida ya kweli. Santuri za mizunguko 78 zisitawanywe. Zikikosa mtu wa kuzicheza zipelekwe pamoja na nakala za sauti na daftari lake kwa mahali patakapozisikilizisha watu. Picha za ukutani atazichukua yule kati yao atakayezitundika, na ikiwa hakuna hata mmoja mwenye ukuta wa kuzitosha, wazipeleke makumbusho ya hapa kabla ya kumwonyesha mfanyabiashara yeyote, majina ya wachoraji na ya nyumba zilikotoka yakiwa yameandikwa nyuma ya kila fremu kwa penseli.